Daftari la gari la utalii: namna ya kuliandika na kulitafuta kwa akili mnemba

Springi ikikatika njiani kwenda Serengeti, swali la kwanza ni moja: ile ya mwisho ilibadilishwa lini, na kwa kilomita ngapi? Dereva wa Arusha mwenye daftari zuri anaweza kumuuliza msaidizi wa akili mnemba kama ChatGPT au Gemini na kupata jibu papo hapo. Daftari likiwa bovu, atapata jibu zuri la uongo, na hilo ni baya kuliko kukosa jibu.

Tumia faili la maandishi ya kawaida, moja kwa kila gari kwa kila mwaka. Picha za daftari la mkono zinasumbua, kwa sababu mwandiko uliopakwa grisi husomwa vibaya, hasa 1 na 7. Kila tukio lipate mstari wake:

2025-06-14 | km 218400 | Naabi–Seronera | springi ya nyuma kushoto imekatika | imebadilishwa, bushi 2 mpya | 180000

Tarehe ikianza na mwaka, ukiipanga mistari kwa alfabeti itafuatana kwa tarehe. Saa ziandikwe kwa mtindo wa saa 24. Ukisema "saa mbili usiku", msaidizi anaweza kuandika 02:00 badala ya 20:00, na safari nzima ikavurugika. Kipuri nacho kiwe na jina moja. Kama leo unaandika shokapu na kesho shokomzoba, weka juu kabisa ya faili mstari huu: shokapu = shokomzoba.

Huko porini mtandao haupo kila mahali, kwa hiyo andika kwa kifupi kwenye simu, kisha ukirudi mjini mpe msaidizi maelezo yako na agizo hili:

"Panga kwa mpangilio huu: tarehe | km | mahali | tatizo | kilichofanyika | gharama. Usiongeze nisichosema. Pasipo na taarifa andika: haijatajwa."

Usiache sentensi ya mwisho. Bila hiyo, anaweza kujaza pengo kwa kitu kinachoelekea kuwa kweli. Linganisha kilomita na zile ulizoandika kwenye simu kabla hujahifadhi.

Kwenye kutafuta, Kiswahili kina mitego yake. Ukitafuta "vuja" katika faili utapata imevuja na inavuja, lakini utakosa "limevujisha oili". Tafuta mzizi, "vuj". Ila ukitafuta "katik" ili upate "imekatika", itakuletea kila "katika" uliyowahi kuandika, na hapo ndipo msaidizi anapokufaa, maana yeye hufuata maana ya swali. Muulize hivi:

"Tumia faili hili tu. Ni lini springi za nyuma zilikatika? Kwa kila jibu nakili mstari mzima ulivyo. Kama haimo, sema haimo."

Fungua faili uhakikishe mstari huo upo. Akikwambia oili hubadilishwa kila kilomita fulani bila kunakili mstari, hayo ni maelezo ya jumla, si historia ya gari lako.

Jumla ya gharama usimwachie. Mwambie atoe orodha ya mistari, kisha jumlisha mwenyewe kwa kikokotoo. Faili likiwa refu sana huenda asilisome lote; mpime kwa kumwomba mstari wa kwanza na wa mwisho. Akikosea, ligawe kwa miezi mitatu mitatu.

Taarifa za wageni zisiingie humo kamwe: majina, namba za pasipoti, namba za simu, maradhi yao. Andika "mgeni A" inatosha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mgeni aliyekueleza kuhusu presha yake alikueleza wewe, hakuwaeleza wenye programu. Ingia pia kwenye mipangilio uzime ruhusa ya mazungumzo yako kutumika kufundishia modeli, kama programu yako inayo.

Faili lenyewe likae kwako, kwenye simu na nakala kwenye flashi. Mazungumzo na msaidizi si mahali pa kuhifadhia: akaunti ikifungwa, na daftari limekwenda.