Namna ya kujua kama waya wa nyumbani unapitisha mkondo

Katika nyumba za kupanga za Isevya au Ipuli, mjini Tabora, ambako wapangaji kadhaa huchangia LUKU moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, lawama huanza mara yuniti zinapokwisha mapema, ilhali hakuna aliyepima. Testa, ile bisibisi yenye taa ya kupimia umeme, haiwezi kuamua ugomvi huo, kwa kuwa taa yake huwaka popote palipo na volti, hata kama hakuna kifaa kinachotumia umeme.

Anza na mita, maana hapo hugusi waya wowote. Soma idadi ya mimweko ya taa yake ndogo kwa kila yuniti, iliyoandikwa usoni pake. Ikiwa ni 1000, gawanya 3600 kwa sekunde zinazopita kati ya mmweko na mmweko, nawe utapata wati. Mmweko wa kila baada ya sekunde 36 ni wati 100. Kisha zima taa zote, chomoa plagi zote, friji ikiwemo, na usubiri dakika kadhaa: mimweko ikiendelea, kuna kitu kinakula umeme, na kuzima saketi breka moja baada ya nyingine kutaonyesha kipo kwenye njia ipi.

Kupima waya wenyewe ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, anayetumia klampu mita, ambayo taya zake huuzunguka waya na kuhisi usumaku wa mkondo bila kuuchuna. Msimamie aubane waya wa moto peke yake. Akibana kebo nzima, mkondo unaokwenda kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro, yaani waya wa kurudishia, hufutana, kioo kikaonyesha sifuri hata birika la wati 2000, linalovuta karibu ampea 8.7 kwenye volti 230, likiwa linachemka.

Hata hivyo, mwombe aubane pia waya wa moto pamoja na nyutro, vifaa vikiwa vimewashwa, hasa wakati wa mvua kuta zinapolowana. Kioo kisipoonyesha sifuri, mkondo unavujia ardhini, na hilo ni hatari kwa uhai kuliko hasara ya yuniti. Njia hiyo izimwe papo hapo hadi itengenezwe. Klampu ya kawaida haioni miliampea chache, kwa hiyo sifuri yake pekee haithibitishi usalama. Lakiri ya mita isikatwe na yeyote, hata fundi huyo.