Kupima pua nyumbani kwa kahawa na karafuu (Vicks weka pembeni)

Mwaka 2021 nilikuwa nimesimama kabisa pembeni ya sufuria ya maharage, yanaungua, moshi unapanda, na mimi nachati tu mpaka mke wangu akaja mbio kutoka uani, "we baba nanii, husikii harufu?" Kweli nilikuwa sisikii. Pua iko wazi, mafua sina, mwili hauna joto hata kidogo, wiki hiyo hiyo nilishapigwa kile kibastola cha kupima joto kwenye mageti mawili na nikapita. Nilipoenda kupima korona ikawa ipo.

Korona kikawaida haizivamii neva za kunusa zenyewe, inavamia seli jirani zinazozihudumia, hizo zikiharibika harufu inakata ghafla hata kama kamasi huna. Mafua ya kawaida mara nyingi yanaziba tu njia, ndo maana swali la kwanza ni pua imeziba au iko wazi? Ikiwa imeziba usijisumbue, majibu hayatakuambia kitu.

Sasa vifaa. Tafuta vikombe vinne vinavyofanana, kimoja weka kahawa ya unga, kingine karafuu ulizotwanga kidogo, kingine ganda la ndimu ulilokwaruza muda huo huo, na cha nne ACHA KITUPU. Hicho kitupu ndo polisi wako, kinamkamata anayebahatisha. Funika vyote kwa karatasi yenye vitobo.

Mpimwaji afungwe macho kwa kanga, maana akiona kahawa ubongo unamletea harufu ya kahawa hata kama pua imekufa. Mtu mwingine amsogezee kikombe karibu na pua bila kugusa, avute hewa mara mbili tatu, kisha muulize kwanza "unasikia kitu?" halafu ndo "kitu gani?". Usichanganye hayo maswali mawili, kukosea jina ni kawaida sana, wengi wanasikia karafuu wanasema mdalasini, hilo halina shida, shida ni kusema hakuna kitu wakati karafuu iko hapo. Subiri nusu dakika ndo ulete kingine maana pua inazoea haraka. Badilisha mpangilio, rudia mzunguko mara mbili, andika. Na kila mtu awe na vikombe vyake, sio mnapima ugonjwa huku mnaambukizana.

Kosa ninaloliona kila mahali ni kutumia Vicks, siki, kitunguu au amonia. Mzee mmoja hapa mtaani alinibishia kwamba pua yake nzima kwa sababu Vicks anaisikia mpaka machozi yanatoka, nikamletea kahawa akafungwa macho, akasema kikombe kitupu hicho! Vitu vinavyowasha au kupoza vinashikwa na neva nyingine kabisa, ile ile ya usoni inayosikia maumivu, kwa hiyo asiyenusa chochote bado atashtuka.

Pima siku ukiwa mzima ili ujue pua yako ikoje, maana wavutaji sigara, wazee na wenye aleji wengi pua zao ziko chini tangu zamani. Unachotafuta ni kushuka ghafla, jumatatu tatu kwa tatu, alhamisi sifuri.

Ukifeli hivyo vaa barakoa, kaa mbali na wengine hasa bibi na babu, nenda kapime kipimo chenyewe, na kama pumzi inakuwa fupi usianze kuhangaika na vikombe, nenda hospitali. Ukifaulu usitambe, wengi wanaumwa na pua zao nzima, na toka Omicron, ile aina mpya ya kirusi cha korona, iingie mwishoni mwa 2021 kupotea kwa harufu kumepungua sana kuliko mwanzo.

Harufu isiporudi baada ya wiki kadhaa usivitupe vikombe. Kuna mazoezi ya kunusa ambayo mtafiti wa mambo ya kunusa Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, waliyachapisha 2009, waridi, limau, mkaratusi na karafuu (Pemba oyee), asubuhi na jioni kwa wiki 12, kila harufu sekunde kama kumi huku unaikumbuka ilivyokuwa. Mimi yangu ilirudi kwa vipande, karafuu kwanza, halafu kahawa ikaja inanuka kama mpira ulioungua, nikainywa hivyo hivyo nimekunja uso karibu miezi miwili.