Ufunguo wa gari la zamani umepotea? Usivunje kitasa

Jamani wenye Morris Minor na magari mengine ya zamani ya Kiingereza, ufunguo ukipotea weka bisibisi chini kwanza. Futa uso wa swichi ya kuwashia, umulike kwa tochi: mara nyingi utakuta herufi FS na namba tatu zimegongwa pale. Hiyo ndiyo namba ya ufunguo wako, na kwa namba hiyo unaagiziwa mpya kutoka Uingereza. Ni bora kuliko kuchongesha nakala ya ufunguo uliolika, maana nakala hurithi ulikaji wote na utarudi kwa fundi wa funguo sokoni Darajani kila mwezi.

Namba haipo? Kitoe kitasa chenyewe, mpelekee fundi wa funguo achonge kwa kufuata vibati vya ndani.

Na kitasa kigumu, hapa Unguja, aghalabu ni chumvi ya bahari. Tafadhali, usitie mafuta ya nazi. Yanaganda na kunasa vumbi. Mimi hukwangua risasi ya penseli, ule unga mweusi naupaka kwenye meno ya ufunguo, kisha nauingiza na kuutoa taratibu mara kumi hivi. Mlango wangu wa dereva uligoma kaskazi nzima. Sasa unafunguka kwa vidole viwili.