SOMO: Mtoto ajue kwamba mwenzake naye ana yake moyoni

Kila wiki naulizwa: "Mwanangu ana miaka mitatu, hagawi kitu, ni mchoyo?" Nafundisha chekechea. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Taja hisia zikitokea: amekasirika, ameogopa, ana wivu.

2. Zamu. Bembea, kila mmoja mpaka kumi, anashuka.

3. Kopo la biskuti lenye nyuzi (sindano toa kwanza). Mwonyeshe ndani, funga, muulize: "Bibi hajalifungua. Atasema lina nini?" Wa miaka 3 kwa kawaida husema "nyuzi", maana anachokijua yeye anadhani kila mtu anakijua. Kuanzia miaka 4 hivi wengi husema "biskuti". Wanasaikolojia Wimmer na Perner walilipima jambo hili mwaka 1983 kwa hadithi ya chokoleti iliyohamishwa kabati mwenyewe akiwa nje: akirudi, ataitafuta wapi? Akikosea usimkosoe. Mwite bibi afungue, mtoto amtazame usoni.

4. Samahani. Hapa niliharibu. Mtoto alimng'ata mwenzake mkono wakigombea gari. Nikamkazia macho: "Sema samahani!" Akasema. Punde akang'ata tena, na samahani akaitoa kabla sijafika. Nilikuwa nimemfundisha neno la kuniondoa mimi pale, na aliyeumia hakuna aliyemwangalia. Siku hizi naanza na aliyeumia. Nikishambembeleza namwita mwenzake: "Ona alama za meno. Analia. Tumsaidieje?" Mara nyingi hukimbilia kuleta maji. Msimng'ate "aone inavyouma". Msimwaibishe mbele ya wenzake. Akiwa bado analia, msimuulize kwa nini.

MASWALI

Baba Pacha: Wangu wa miaka miwili hagawi. Nimchape?
— Hapana. Soma namba 2.

Baba Pacha: Nimeuliza tu mwalimu.
— Nami nimejibu, baba. Miaka miwili bado mdogo mno kugawa kwa hiari. Mpe zamu fupi.

Mama Nasra: Wangu wa miaka minne kajibu "nyuzi", halafu akaninong'oneza "tusimwambie bibi". Kaelewa au hajaelewa?
— Dada, hongera kwa kusikiliza mnong'ono. Yumo njiani: ameshahisi kuna jambo bibi halijui, kulijibu akiulizwa ndiko bado. Rudia baada ya wiki chache kwa kopo la maziwa lenye maharage. Halafu mwache yeye ndiye amfichie baba kitu, na wewe umuulize mtoto: "Baba atakitafuta wapi?"

Fundi Cherehani: Sindano mlizotoa chomekeni kwenye kipande cha sabuni ya mche. Hazipotei, na zinapenya kitambaa vizuri.
— Ahsante fundi. Kipande kikae juu ya kabati, watoto wasifikie.