Kupanga Studio Kwenye Ghorofa la Zamani Dar: Anza na Koki

Mimi ni fundi bomba. Kazi zangu nyingi ziko Upanga, Kisutu na Kariakoo, kwenye maghorofa ya zamani. Mara nyingi anayeniita ni mpangaji aliyehamia juzi kwenye chumba masta chenye jiko, siku hizi wanakiita studio. Kodi ya miezi sita ameshalipa, ndipo anagundua maji hayapandi. Inaniuma, kwa sababu angejua kwa dakika tano tu.

Hatua ya 1: Nenda saa moja asubuhi

Dalali atataka akupeleke mchana. Kataa. Mchana watu wako kazini na maji yanatoka vizuri; asubuhi jengo zima linaoga. Fungua koki ya sinki na bomba la mvua kwa pamoja, kisha flashi choo. Maji yakikatika, hayo ndiyo maisha yako ya kila asubuhi. Yakianza kwa rangi ya kutu, mabomba huenda ni yale ya chuma, yameota kutu ndani hadi tundu limebaki dogo. Hapo hata pampu mpya haikusaidii sana. Dawa ni kubadilisha mabomba.

Halafu panda juu uone simtanki. Kama ni moja la wote, uliza umeme wa pampu analipa nani na bili ya maji ya DAWASA inagawanywaje. Ikigawanywa kwa mlango, wewe uliye peke yako utalipa sawa na familia ya watu saba. Omba igawanywe kwa vichwa. Ugomvi mwingi ninaoukuta kwenye ngazi unaanzia hapa.

Hatua ya 2: Tazama dari, halafu shuka chini

Hewa ya bahari ina chumvi. Ikifika kwenye nondo, zinapata kutu, zinavimba na kubandua zege. Doa la maji ukutani linarekebishika. Nondo zikiwa nje kwenye nguzo au boriti, ondoka, hata kodi iwe nafuu namna gani.

Kisha angalia maduka ya chini. Wakiwa wanavunja kuta au wanachimba, usilipe. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu wakapoteza maisha. Tangu siku hiyo, mtu akinishauri "jengo limekaa miaka yote hiyo, halina neno", simsikilizi.

Hatua ya 3: LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla

Zima meinswichi ya chumba. Taa ya mita ikiendelea kupepesa, kuna mwingine anayetumia umeme huo. Pia, tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa unaponunua umeme. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, kwa hiyo kubalianeni mapema jinsi atakavyokurudishia.

Hatua ya 4: Anayekupangisha ni nani?

Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba mengi ya katikati ya jiji yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Ndiyo maana anayejiita mwenye nyumba anaweza kuwa mpangaji kama wewe, na anakukatia chumba bila ruhusa. Shirika likimtoa, nawe unatoka naye, na kodi uliyolipa utamdai yeye. Omba kuona mkataba wake au hati. Akianza kukasirika, umeshapata jibu.

Hatua ya 5: Hela na mkataba

Udalali kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja. Kodi mlipe mwenye nyumba mwenyewe, dalali asiishike. Mkataba uandikwe, usainiwe mbele ya serikali ya mtaa, na utaje nani anatengeneza bomba likipasuka ndani ya ukuta.

Siku ya ufunguo, piga picha mita, masinki na kila ufa, umtumie mwenye nyumba papo hapo, kabla hujaingiza hata godoro.