Namna ya kuongoza somo la imani na matendo kwenye jumuiya

Somo hili, la kama mtu hukubaliwa na Mungu kwa imani au kwa matendo, huwagawa watu haraka, hasa Mwanza, ambako sebule moja ya Igoma au Buhongwa inaweza kuwa na Mkatoliki, Mlutheri na muumini wa AIC (Africa Inland Church). Tenga dakika 90. Watu wasizidi 12, na kila wawili wawe na Biblia ya karatasi, maana mtafunua kurasa mbele na nyuma.

Usianzie Warumi wala Yakobo. Viongozi wengi husoma Warumi 3:28, "kwa imani pasipo matendo ya sheria", wakarukia Yakobo 2:24, "si kwa imani peke yake", na hazipiti dakika kumi kikao kimekuwa Simba na Yanga. Anzeni na Mwanzo.

Bandika karatasi ya manila ukutani, chora mstari mrefu, uandike umri wa Ibrahimu. Mwanzo 15:6 anaamini, anahesabiwa haki, yaani Mungu anamkubali kuwa mwenye haki. Umri hautajwi, ila Ishmaeli bado hajazaliwa, na alipozaliwa baba yake alikuwa na miaka 86 (16:16). Ibrahimu anatahiriwa akiwa na 99 (17:24). Mwanawe Isaka anazaliwa Ibrahimu akiwa na 100 (21:5). Sura ya 22, Isaka anapelekwa mlimani kutolewa sadaka: andika tu "baada ya 100".

Sasa fungueni nyaraka mbili, Warumi na Yakobo. Paulo anauliza (Warumi 4:10): alihesabiwa haki kabla ya kutahiriwa au baada? Manila inajibu: kabla, tena kwa zaidi ya miaka 13. Anaowajibu ni wale waliotaka watu wa mataifa watahiriwe kwanza ndipo wakubaliwe. Yakobo anashika sura ya 22, kisha anasema hapo ndipo lile neno la 15:6 lilipotimizwa. Anaowajibu yeye ni wenye kukiri kwa mdomo huku ndugu yao analala njaa. Imani ya namna hiyo, anasema, hata mashetani wanayo (2:19). Usiharakishe hapa. Mwombe mtu mmoja asimame aonyeshe kwa kidole kila mwandishi anasimama wapi kwenye mstari.

Lazima atatokea wa kuuliza habari za Martin Luther, ambaye Walutheri wanaitwa kwa jina lake. Jibu kwa dakika tano, basi: mwaka 1522 aliuita Yakobo waraka wa majani makavu, yaani usio na uzito, lakini hakuuondoa kwenye Biblia yake, Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ukampinga mwaka 1547, na tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri wakatia saini tamko la pamoja kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema, si kwa stahili zake. Tofauti hazikwisha zote.

Dakika 20 za mwisho ni za Yakobo 2:15-16, juu ya ndugu asiye na nguo wala chakula. Usiulize "tufanye nini?", utapewa hotuba. Uliza nani, nini, lini. Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawatoki, na familia nyingi za kule mwaloni Kirumba hupungukiwa. Kilo 5 za sembe, sado ya maharage na mche wa sabuni, vipelekwe kesho jioni na watu wawili.

Mambo mawili huharibu. La kwanza ni kusoma kwa sauti majina na kiasi walichotoa: asiye nacho hatarudi, mwenye nacho ataanza kujihesabia haki, na manila yote itakuwa kazi bure. Pitisha kikapu kilichofunikwa. La pili ni kumwambia anayepokea, "Jumapili tukuone kanisani." Wale wawili wakabidhi, wasalimie, waondoke.