Kupanga mchanganyiko wa zege la kupampu, hatua kwa hatua

Zege linaposukumwa na pampu haliendi kama maji. Linakwenda kama gogo zima, na kinachoruhusu gogo hilo kuteleza ni utando mwembamba wa rojo la saruji, maji na mchanga laini unaokaa kati yake na ukuta wa bomba. Shinikizo likiyakamua maji yakapenya katikati ya kokoto na kutangulia, utando huo hutoweka, kokoto hubanana na bomba huziba. Niliwahi kufungua kona iliyoziba tulipokuwa tukimwaga slabu ya ghorofa ya nne jijini Dar es Salaam. Ndani mlikuwa na kokoto tupu, safi kana kwamba zimeoshwa, ilhali zege lililobaki kwenye hopa, yaani sinia la pampu linalopokea zege, lilionekana laini kabisa. Lilikuwa limeongezwa maji ili liteleze, na maji hayo ndiyo yaliyoliziba bomba.

Hatua ya kwanza ni kuchagua kokoto. Kokoto za kupondwa, zenye pembe kali, zisizidi theluthi moja ya kipenyo cha bomba; za mviringo zinaweza kufika asilimia 40. Kwa bomba la milimita 125 hesabu hiyo inaruhusu kokoto kubwa, lakini mimi hukaa kwenye milimita 20, kwa kuwa nondo za slabu husongamana na kona za bomba huwa nyingi.

Hatua ya pili ni kuchekecha mchanga. Asilimia 15 hadi 30 ya mchanga ipite chekeche lenye matundu ya mikroni 300 (milimita 0.3), na asilimia 5 hadi 10 ipite lile la mikroni 150. Mchanga wa mtoni uliooshwa sana mara nyingi hukosa chembe hizo, na dawa yake ni kuuchanganya na mchanga laini zaidi. Usizibe pengo hilo kwa mchanga wenye udongo, maana udongo hunywa maji na kudhoofisha zege.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoiona kuwa moyo wa kazi, nayo huhitaji ndoo tu. Changanya mchanga na kokoto vikiwa vikavu, mchanga ukiwa asilimia 38 ya uzito wote, kisha jaza ndoo ya lita 10 kwa matabaka huku ukiigonga. Mimina maji polepole kutoka upande mmoja, ili hewa ipate pa kutokea, hadi yafike usawa wa juu. Yakiingia lita 2.5, robo ya ujazo ni nafasi tupu. Rudia kwa asilimia 42, 46 na 50, uchague uwiano uliopokea maji machache zaidi, kisha uongeze mchanga kwa asilimia mbili hivi. Rojo lako lazima lizijaze nafasi hizo zote na bado libakie la kutengeneza utando.

Hatua ya nne ni kupanga vipimo vya mita moja ya ujazo. Kwa zege la kawaida la slabu mimi huanza na saruji kilo 360, maji lita 180, mchanga kilo 825 na kokoto kilo 1,005, ambazo karibu kilo 400 kati yake ni za milimita 10. Saruji, maji na hewa kidogo iliyonaswa hufanya takriban lita 309 za rojo. Nafasi tupu zikiwa robo ya ujazo, yaani lita 250, rojo la ziada ni lita 59. Toa katika maji ya kuchanganyia unyevu uliomo ndani ya mchanga, kwani mvua ya usiku mmoja hubadili hesabu yote.

Hatua ya tano ni kupima slampu, yaani kiasi ambacho zege hushuka koni ya kipimo inapoinuliwa, ambayo ninaitaka iwe kati ya milimita 100 na 150. Jua la mchana huishusha haraka, hivyo ipime kwenye mikisa na tena kwenye hopa. Ikipungua, irudishe kwa plastisaiza, yaani kemikali ya kulainisha zege bila kuongeza maji, iliyofanyiwa majaribio mapema, kamwe si kwa ndoo ya maji.

Hatua ya mwisho ni kulainisha bomba kwa rojo la saruji na mchanga kabla zege halijaingia, na rojo hilo limwagwe nje ya fomu, yaani mbao za kuumbia zege. Shinikizo likipanda ghafla, rudisha pampu kinyumenyume mizunguko michache. Bomba lisifunguliwe kabla shinikizo halijaondolewa, na watu wote wakae mbali na ncha ya mpira wa kumwagia zege, kwa sababu hewa iliyobanwa ikitoka huurusha mpira huo kwa nguvu ya kuua.